Chupa Namba Tisa

Jumanne, 4 Machi
Nimeficha daftari la maabara kwa miaka thelathini na moja. Liko chini ya godoro hili ninalolilalia. Miguu imekataa, kichwa bado changu.

Nesi alikuja kunipima presha. Namwita Mizani — hapiti mtu bila kupimwa! Kanisimulia kuwa jana kliniki aliwafundisha wajawazito habari ya zebaki kwenye samaki. Alipanga mabakuli matatu, akahamisha maharage kutoka dogo hadi la kati, kisha kubwa. Dagaa ana chembe, akawaambia. Anayemla dagaa anabeba za wote aliowala. Papa anabeba za ukoo mzima, na ubongo wa mtoto tumboni hauzitaki. Mmoja akauliza kama ndimu inaitoa. "Ndimu inatoa shombo tu, mwenzangu!" Wakacheka. Wala hakuwakataza samaki: waendelee kula wadogo, mara mbili tatu kwa wiki. Papa, nduaro na wakubwa wenzao wasubiri hadi mtoto aache ziwa. Maisha yangu yote ya maabara sikuwahi kueleza jambo vizuri namna hiyo.

Alhamisi, 6 Machi
Mjukuu wangu ana mimba ya miezi minne. Mchana kala papa tena. Nikamwambia apunguze. "Babu, si karatasi yako mwenyewe ile?" Ipo ukutani jikoni, imegeuka njano, ina madoa ya mafuta: *Samaki wote ni salama kwa mama mjamzito.* Chini, vipimo vya kila samaki na jina langu.

Nikamwomba aondoe sahani yangu.

Jumanne, 11 Machi
Mizani na mjukuu wamebishana jikoni. Nimesikia yote. Mjukuu: Babu alipima, dada, wewe umepima nini? Mizani hakupandisha sauti. Alisema karatasi hiyo ndiyo iliyomfanya aipende kazi hii tangu sekondari. Ila namba moja inamnyima raha — papa awe na zebaki sawa na dagaa, inawezekanaje? Aliomba maabara wapime upya. Wakamjibu Mzee alishapima, hakuna haja.

Jicho gani hilo! Wataalamu wangapi wameipita namba ile, wote na miwani yao!

Kisha akaja kitandani, akanifunga mkanda wa presha. Imepanda. "Mzee, labda nimekosea mimi. Kesho nitawaomba radhi kina mama, nirudi kwenye karatasi yako."

Akirudi, watakula. Na huyu wa kwangu atakula.

Nikamwambia ainue godoro, atoe daftari.

Mjukuu amesimama mlangoni, sahani mkononi. Mizani amefika ukurasa wa chupa namba tisa. Kuna mstari uliokatwa kwa wino. Ameuliza, kwa upole wake uleule, kwa nini umekatwa. Nimeonyesha kwa kidole nipewe kalamu na kitabu hiki cha kumbukumbu. Wanasubiri.

Chupa namba tisa, ya papa, iliniponyoka sakafuni, ikavunjika. Niliandika kuwa imevunjika, kisha nikaona haya kumwambia mkuu wa maabara, nikaukata mstari. Nikajaza nyingine kwa dagaa, nikabandika lebo ya papa.