Meno ya plasta ya kaka yako

Wifi Zuhura, amahoro. Rumonge leo kuna joto, na mji wote unanukia mawese. Nimemkuta daktari wa meno aliyemtibu marehemu kaka yako. Kila mwaka alichukua chapa ya meno yake kwa plasta, apime yanavyolika. Chapa ya mwisho ina mfuo kwenye meno ya mbele.

"Uzi wa nyavu huo, mama, aliukata kwa meno. Nilimwambia anunue mkasi, akacheka."

Nami nilimgombeza miaka yote nikidhani ni miwa! Nikaiomba plasta.

"Ya nini?"

"Aliuonea haya mfuo huo, daktari. Picha zote kafumba mdomo."

Akanifungia plasta hiyo kwenye gazeti. Nakuletea, wifi, tumwone meno. Wabusu watoto.

Mwajuma