Kitambaa Chekundu kwenye Usukani

Ijumaa, 25 Oktoba
Giaboksi imeshuka! Klachi nayo. Siku nne za kuumwa mgongo, ili tu nione kifuniko kisichozidi kisahani. Nyuma yake ndiyo beringi. Oili inavuja hapo, na beringi ikivunjika injini nzima basi tena. Baba amekaa kitini mlangoni, koti la karakana limefungwa hadi shingoni, ananielekeza. Amekuwa fundi kwa miaka arobaini. Leo kaniuliza mara tatu Mama yuko wapi, na tulishamzika.

Namba za gari ni za msimu — mwisho tarehe 31, halafu haliruhusiwi barabarani mpaka Aprili. Tarehe 4 Baba anahamia makao ya wazee. Ameomba kitu kimoja tu: nimpandishe kona za mlima wa Urach, yeye kiti cha pembeni. Aprili sijui kama atanijua.

Jumamosi, 26 Oktoba
Kabla ya kifuniko, injini lazima ifungwe kwa pini isizunguke, la sivyo cheni ya ndani inaruka meno ya gia. Pini ni kazi ya Baba tangu nikiwa mdogo. Akishaichomeka, hufunga kitambaa chekundu kwenye usukani. Ukikiona, endelea. Kwetu hakuna anayekagua kazi ya Baba.

Nilikiona. Nikalegeza cheni, nikafungua. Beringi nzima kabisa! Haichezi, haikwaruzi. Nilikaribia kumbusu mzee.

Kitu kikagonga ndani, mara moja. Baba akasema ni chuma kinapoa. Injini haijawashwa wiki nzima. Sikutaka kufikiria.

Jumapili, 27 Oktoba
Leo kelele haziruhusiwi — Bibi Pfisterer wa jirani akisikia nyundo Jumapili, mtaa mzima utajua. Nimefanya kazi za kimyakimya. Sili mpya, ule mpira wa kuzuia uvujaji, nimeipaka oili. Gundi kwenye bolti. Nimekaza taratibu. Hakuna tone. Baba alilala kitini, nikamfunika blanketi.

Jumatatu, 28 Oktoba
Nimeingia chini ya gari kuchomoa pini. Tundu tupu.

Nimezungusha injini kwa mkono, polepole. Nusu mzunguko, ikagoma. Chuma juu ya chuma. Cheni imeruka. Ni kushusha injini nzima — wiki mbili, labda tatu. Nimejaribu kuhesabu siku upya, kama mjinga. Zimebaki tatu.

Nilipotoka chini nilikuwa nalia. Baba akaangalia injini, akaelewa papo hapo. Injini bado anaielewa.

"Umesahau pini, Irmgard."

Niliiona pini, kichwa chake kimechungulia kutoka mfukoni mwa koti la Baba.

"Usilie, mwanangu. Kila fundi husahau mara moja. Mimi sikuwahi, lakini wewe bado unajifunza."

Nina miaka hamsini na mbili. Nikasema nisamehe, Baba. Akanisamehe, akanifuta oili shavuni kwa kidole gumba.

Sasa amevaa kofia. Anasema tukiondoka mapema tutawahi jua kule juu, na anapekua droo zote akitafuta funguo za gari, nami nimeanza kumsaidia kuzitafuta, ingawa najua gari halitawaka.