Mkono wa Baba Hauna Kosa

Mdogo wangu,

Dawa za Baba ni saa saba, baada ya chakula. Chai iko kwenye chupa.

Jana uliondoa Windows kwenye kompyuta ukaweka Linux, wala hukumuuliza mtu. Leo asubuhi Baba kafungua mchezo wake wa vita, ule wa zamani anaocheza tangu apate kiharusi. Askari wakawa wanakwamakwama, akibofya hawaendi. Akanitazama, akasema, "Mkono umeanza tena." Akauficha chini ya shuka. Hata kikombe amekataa kushika.

Nimechelewa kazini kwa ajili yako. Ile Wine uliyoweka ili michezo ya Windows ifunguke kwenye Linux inaufungua mchezo, sawa, lakini kadi ya picha uliiacha bila programu yake, ndiyo maana askari walikwama. Nimeiweka, sasa askari wanakimbia kama zamani. Baba hataki hata kuangalia. Anadhani namfariji tu.

~~Ukiamka, fungasha virago.~~

Ukiamka, nenda ukakae naye. Mwambie kwa mdomo wako kwamba kosa ni lako, mkono wake ni mzima. Na usibanduke hapo mpaka autoe kwenye shuka acheze.

Dada yako