Sentimita Saba

Mama yangu mpendwa,

Pokea shikamoo yangu, na pamoja nayo mapenzi ambayo simu za haraka haraka hazinipi nafasi ya kuyasema. Natumaini barua hii itakukuta umeamka salama, na kwamba goti lako la kushoto limeacha kulalamika kila unapopanda ngazi. Sisi huku ni wazima. Mjukuu wako mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele na anatembea na pengo lake kama mtu aliyepewa nishani. Baba yake anakusalimu, na anataka marudiano ya ule mchezo wa karata uliomshinda, kwa kile anachokiita hila na wewe unachokiita akili.

Dada ameniambia kwamba umekwisha kuwatangazia majirani wote kuwa mwanao ni daktari wa wazee, na kwamba mazoezi aliyoyatunga yatapelekwa katika vituo kumi vya wazee. Nilicheka, kisha nikasingizia kwamba kuna mtu mlangoni, nikakata simu. Hakukuwa na mtu, Mama. Ndiyo maana nimeona bora niandike.

Kwanza, mimi si daktari. Kazi yangu ni kutunga mazoezi ya mwili kwa watu waliovuka miaka sitini na mitano: wainuke vipi, wasimame kwa mguu mmoja muda gani, wageuze shingo wakitembea bila kupepesuka. Tunakutana mara tatu kwa wiki, saa tatu asubuhi, katika ukumbi uliokuwa ghala la karatasi. Sakafu yake ni ya saruji iliyopakwa rangi ya kijani, na madirisha yapo juu sana, kana kwamba aliyelijenga aliogopa karatasi zisichungulie nje. Wazee ni ishirini na wanne. Wananiita Bi Inuka, kwa kuwa ndilo neno nilisemalo kuliko yote.

Wawili kati yao ndio wanaotuchekesha. Mmoja ni mkunga mstaafu. Siku ya kwanza alinionya kwamba nusu ya watu wa mji huu amewapokea yeye kwa mikono yake, kwa hiyo hatafundishwa kuvuta pumzi na mtoto ambaye pengine alimfunga kitovu mwenyewe. Wa pili ni fundi cherehani, mgane wa miaka sabini na minane, anayefika na suruali iliyopigwa pasi hadi ukiigusa unaweza kujikata kidole. Nilipomshauri avae nguo nyepesi, alisema hawezi kuonekana na suruali ya kulalia mbele ya wanawake. Mkunga akamwambia asijisumbue, macho ya wanawake waliopo hayafiki mbali kiasi hicho.

Tuna kipimo chetu. Mzee huketi kitini, hukunja mikono kifuani, na kwa nusu dakika huinuka na kuketi mara nyingi awezavyo, nami nahesabu. Tulipoanza, wastani wao ulikuwa mara tisa. Baada ya wiki kumi na mbili ulikuwa mara kumi na nne. Fundi alitoka saba akafika kumi na sita, akawapita wote. Mkunga alisema kwa mwendo huo mzee atatafuta mchumba. Fundi akajibu kwamba yupo mmoja amemwona, tatizo lake ni mdomo. Ukumbi mzima ulivunjika mbavu.

Niliandika ripoti. Kamati inayosimamia vituo ikaipenda, ikaamua mazoezi yangu yapelekwe katika vituo kumi, nami niwe msimamizi. Hiyo ndiyo habari iliyokufikia. Katika kadi ya maendeleo ambayo fundi alikwenda nayo nyumbani niliandika kwa mkono wangu: anainuka bila msaada, hana haja ya kushikilia kitu.

Binti yake aliisoma kadi ile na akaiamini, kama alivyopaswa kuiamini. Kando ya kochi la baba yake palikuwa na meza nzito ambayo mzee huiegemea ili anyanyuke. Akaiondoa, nafasi ipatikane. Asubuhi moja, baada ya binti kwenda kazini, fundi aliketi kwenye kochi lile kunywa chai yake, na alipotaka kuinuka hakuweza. Alijaribu, akapumzika, akajaribu tena. Simu ililia mara tatu juu ya kabati, hatua sita kutoka alipo. Alikaa pale mpaka saa kumi alasiri, binti aliporudi. Hakuanguka wala hakuumia. Lakini mwili una haja zake, Mama, na hakuna awezaye kuzizuia kutwa nzima.

Mimi sikujua. Niliona tu kwamba amekosa vipindi viwili, nikaenda kwake. Binti yake alinieleza mlangoni kwa sauti ya chini, bila kunilaumu, jambo ambalo lilikuwa zito kuliko lawama. Fundi mwenyewe alinikaribisha vizuri mno. Alisema kazi yangu ni safi na hana kinyongo, ila mwili wake umegoma, na mtu mzima anapaswa kujua siku yake ya kukaa chini ikifika. Aliniomba nafasi yake ukumbini nimpe mwingine. Suruali yake siku hiyo haikuwa na pasi.

Nikatoa utepe wa kupimia mkobani, nikapiga magoti, nikalipima kochi lake: sentimita thelathini na sita kutoka sakafuni. Nikamweleza kwamba viti vya ukumbini vina arobaini na tisa. Na nikamweleza jambo baya zaidi, kwamba kipimo cha kwanza tulikifanya kwa vile viti vya zamani vya mbao, vyenye arobaini na mbili, kabla ya kuletewa vipya katika wiki ya nne. Kiti kikiwa juu, kuinuka ni rahisi. Sehemu ya ushindi ule tulioushangilia haikuwa miguu ya wazee. Ilikuwa sentimita saba za viti. Nikamwambia mwili wake haujagoma. Aliyekosea ni mimi.

Tulifanya ambalo ningepaswa kulifanya tangu mwanzo. Tulirudisha meza, tukakunja mablanketi sita tukayaweka juu ya kochi hadi likawa na kimo cha kiti cha ukumbini, na tukakubaliana kwamba kila wiki tutaondoa moja. Kamati nayo niliipelekea taarifa kuhusu viti. Walisimamisha mpango wa vituo kumi, wakataka tupime upya kwa vile viti vya mbao. Tulivitoa stoo, tukavifuta vumbi, tukapima. Wastani ukawa mara kumi na moja.

Kutoka tisa hadi kumi na moja, Mama. Nimeitazama tofauti hiyo siku nyingi. Huenda ni ndogo mno kwa wiki kumi na mbili za jasho; huenda pia ndiyo tofauti kati ya mtu anayefika chooni na asiyefika. Sina uhakika, na nimejifunza kutojifanya ninao. Najua tu kwamba mbili hizi ni za miguu yao wenyewe.

Mkurugenzi wa kituo chetu alisimama mbele ya kamati akanisifu. Alisema ni wachache wanaoweza kuivunja kazi yao kwa mikono yao mara tu wanapogundua kosa. Walinipigia makofi. Na hapo ndipo ninapopaswa kukuambia kile ambacho, nilipoianza barua hii, sikuwa na hakika kama nitakiandika.

Sikugundua kosa lile nyumbani kwa fundi. Nililijua siku kumi na moja kabla ya mkasa wake. Niliketi kwenye kimoja cha vile viti vipya kufunga kamba za viatu, nikaona visigino vyangu havigusi sakafu, nikapima palepale. Ripoti ilikuwa imekwenda tangu juzi yake. Nikaukunja utepe, nikajiambia kwamba tofauti si kubwa, kwamba wazee kweli wanatembea vizuri zaidi, kwamba nitaandika marekebisho baada ya kamati kukutana. Sababu zote zilisikika kama sababu za mtu msomi. Utepe niliokwenda nao kwa fundi haukuwa mkobani kwa bahati. Ulikuwamo tangu siku ile. Naye alikaa kwenye kochi lake kutwa nzima kwa jambo ambalo ningeweza kulizuia kwa kupiga simu moja.

Sijui kama nakuandikia wewe kabla ya kumwambia mkurugenzi kwa kuupenda ukweli, au kwa kumtafuta mtu ambaye hana budi kunisamehe. Nimelipima swali hilo pia na sijapata jibu. Lakini jana nilikwenda kwa fundi, nikamwambia yote, tarehe kwa tarehe.

Alilipapasa blanketi moja lililobaki chini yake. Kisha akasema kwamba katika miaka hamsini amekata vibaya vitambaa vingi vya watu, na kila mara alimwambia mwenye kitambaa kabla hajakivaa. Nilipoaga, aliinuka kunisindikiza. Aliinuka kwa taabu, mikono kifuani, bila kuigusa meza. Na mlangoni akaniambia, bado bila kutabasamu, kwamba Jumatatu atakuja ukumbini, na kwamba tangu sasa viti atavipima yeye.

Nawe, Mama, tafadhali usiache mazoezi niliyokutumia. Anza kwa kiti cha mezani, kile cha juu, na kochi liache kwanza. Majirani waambie kwamba vituo kumi vitasubiri. Ukiona vyema kuwaambia na sababu, waambie. Nitakuwa nimekwisha kuisema mwenyewe kwa wanaohusika.

Msalimie sana Dada, na mwambie asinipigie simu Jumatatu asubuhi. Saa mbili na nusu nitaingia ofisini kwa mkurugenzi na tarehe zangu. Sijui nitatoka humo nikiwa nani. Lakini ofisi ile na ukumbi vimetenganishwa na korido moja tu, na saa tatu kamili watu ishirini na wanne watakuwa wameketi, mikono kifuani, wakingoja wa kuwahesabia.

Uwe na afya njema hadi nitakapokuja kukuamkia kwa mdomo wangu.

Ni mimi bintiyo, kitinda mimba wako,
Bi Inuka