Mbuzi wa Paa

Mandewa, 6 Machi 1994

Mwanangu Redempta,
Marahaba, najua umeshaniamkia hukohuko Dar. Mimi mzima, ila goti. Mama yako mzima, ila mimi.
Shirika lililotupangisha limetuuzia nyumba hii: milango mitatu, paa moja. Cecilia kanunua mlango wa kwanza, Alute wa pili, mimi wa tatu. Bati limetoboka juu ya kitanda changu, nalala na sufuria. Alute anasema tone ni langu, basi na tundu ni langu. Nyie wa maghorofani, paa ni la nani?
Baba yako

Dar es Salaam, 2 Aprili 1994

Shikamoo baba,
Pole na goti. Mimi sijambo.
Huku paa ni la wote, hata wa chini kabisa. Tunachanga kabla halijaharibika. Mwiteni fundi awaambie mabati yamebakiza miaka mingapi, mgawane gharama, mweke akiba. Isiguswe kwa jambo jingine, hata msiba.
Mwanao Redempta

Mandewa, 19 Juni 1994

Redempta, hujambo? Goti ni lilelile.
Fundi Philipo kapanda, kagonga bati mojamoja kama daktari kifuani. Kasema miaka mitatu. Nikamuuliza, na mimi je? Akashuka.
Pesa tumeikataa. Tulipoanza kikao bati lilikuwa na bei moja, tulipomaliza kubishana lina nyingine. Tumechanga mbuzi, kila mlango majike wawili, wako Issuna kwa shemeji Mathayo. Ujira wake mtoto mmoja kila mwaka. Alute, mjanja, kaleta madume. Nikamwambia, "Wewe, hawa watazaa bati gani?"
Baba yako

Dar es Salaam, 10 Novemba 1996

Shikamoo baba. Mama hajambo?
Innocent anakuja na wazee wake Krismasi, kuleta posa. Nasikia mbuzi wamefika ishirini na mmoja. Baba, wachinjwe wawili tu, nisiaibike.
Mwanao

Mandewa, 1 Desemba 1996

Marahaba mwanangu, sisi wazima.
Nimeisoma barua yako kikaoni. Alute akasema, "Wachinjwe, wote ni watoto wa madume wangu." Nikatoa barua yako ya zamani, nikawasomea: hata msiba. Posa siyo msiba, ingawa huyo Innocent sijamwona.
Wakwe watakula kuku.
Baba yako

Mandewa, 23 Februari 1997

Redempta, hujambo na mwenzio? Mkwe wangu amesahau lile tone lililoingia kwenye mchuzi wake?
Mbuzi tumeuza, paa ni jipya. Leo imenyesha tangu asubuhi. Nimekaa palepale kitandani, sufuria mapajani, nikisubiri. Mama yako kaja kaichukua, anataka kupika maharage.
Philipo anasema mabati haya yatakaa miaka thelathini. Mimi nina sabini na mbili. Tumebakiza majike sita Issuna, wa paa lijalo. Waambie watoto utakaozaa wasiwaguse.
Baba yako