Dodoso la Sindano Lililojazwa kwa Simu Moja

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA CHA KAMATI YA TAALUMA NA MALEZI, CHUO CHA USHONAJI

Siku: Alhamisi, saa nane mchana
Mahali: Chumba cha kukatia vitambaa (ofisi ya Mkuu inapakwa rangi)
Waliohudhuria: Mkuu wa Chuo (Mwenyekiti), Mwalimu wa Ushonaji, Mwalimu wa Kompyuta, Fundi Baiskeli (mwakilishi wa wazazi), Matroni wa Bweni (Katibu)
Hakuwepo: Mhasibu, kwa udhuru

KUMB. NA. 1: KUFUNGUA
Katibu aliomba dua. Mwenyekiti alikumbusha kwamba dua iliyopangwa ilikuwa fupi. Katibu alikuwa na mengi ya kumweleza Mungu siku hiyo.

KUMB. NA. 2: MWANAFUNZI KUONDOKA
Katibu aliarifu kwamba binti wa mwaka wa kwanza, ambaye wote tunamwita Sindano, aliondoka bwenini asubuhi. Kitanda kimetandikwa, begi halipo, simu imezimwa. Jana alipokea majibu ya dodoso la mtandaoni, ambalo wanafunzi hutathminiana bila kutaja majina baada ya kazi ya kikundi. Wenzake watatu walimpa alama ya chini kabisa, na kila jibu liliandikwa "mzigo". Katibu alisema hajui kompyuta, ila macho ya mtoto aliyelia anayajua.

KUMB. NA. 3: DODOSO
Mwalimu wa Ushonaji alilitetea: wakiulizwa ana kwa ana wanaoneana haya, na wavivu wanapita. Mwalimu wa Kompyuta alisema alishauri mapema kila mmoja ajaze kwenye kompyuta za chuo, akaitwa mjuaji. Mwalimu wa Ushonaji alikana neno hilo. Mwalimu wa Kompyuta alisema lilitamkwa, tena mbele ya watu. Mwenyekiti aliwasihi walimu hao wakumbuke kuna mtoto hajulikani alipo.

Fundi Baiskeli aliuliza: "Jamani, watatu wote neno moja? Kwani walikuwa kwaya?"

Aliitwa kiongozi wa kikundi, anayejulikana kama Kamanda. Alisema: "Wenzangu hawakuwa na bando. Nikawaambia niwajazie kwa simu yangu, wakasema we jaza tu. Sindano alituachia sare zote bila vifungo. Nilikuwa na hasira, mwalimu."

Mwalimu wa Ushonaji aliomba majibu hayo yafutwe. Hakuna aliyepinga.

KUMB. NA. 4: SIMU YA SHANGAZI
Kikao kikiendelea, shangazi yake Sindano alimpigia Katibu, na simu ikawekwa spika. Binti yuko kwake, salama. Katibu alisema alhamdulillahi kwa sauti, na akaomba iandikwe. Shangazi alieleza kwamba wiki ile ya vifungo binti alikuwa akimuuguza baba yake, akaona haya kusema. Sasa hataki kurudi. Anauliza kitu kimoja tu: waliandika wote au mmoja?

Mwenyekiti alitaka jibu litolewe kwa barua. Katibu alijibu kabla ya kuruhusiwa: "Mmoja, mwanangu. Ni mkono wa mmoja."

Ikasikika sauti ya Sindano mwenyewe: "Na wale wawili, Mama Matroni, walipoambiwa wajaziwe, walijua atanijazia nini?"

Simu ikakatika.

Iliazimiwa wale wawili waitwe kutoka darasani sasa hivi, waende na Katibu kwa shangazi wakalijibu swali hilo kwa midomo yao. Ajenda nyingine ziliahirishwa.

Kikao kilivunjika saa tisa na robo, Katibu akiwa tayari amevaa viatu vya safari.

Mwenyekiti: ....................
Katibu: ....................