Kurudisha Jina la Ngina

Kimbo, Ruiru
12 Januari 2025

Kwako Mami mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. U hali gani? Mguu umeacha kukusumbua? Sisi tuko wazima, na mjukuu wako Ngina anakusalimu wewe wajina wake, uliyempa jina. Kifua chake kimetulia tangu Krismasi.

Usishangae kuona barua siku hizi za simu. Tumehamia kwa ploti ya kanisa, na Baba Simeon ametuomba tuweke simu kando ili tusikie sauti moja. Mami, sijawahi kupendwa hivi. Nilipofika na homa walinipikia uji, wakanifulia hata nguo za mtoto. Na si wewe uliniambia nitafute kanisa, niache kumlilia baba Ngina? Kaleli anayetuletea maziwa hulala huko Makongeni. Mpe jibu.

Binti yako,
Kui

Makongeni, Thika
16 Januari 2025

Kui mwanangu,

Salamu zimefika, nami nakurudishia. Mguu ni ule ule, unatabiri mvua kuliko redio.

Nafurahi kusikia unaomba. Lakini nikuulize, na usininunie. Mungu anayesikia watu wote kwa pamoja, simu yako inamsumbua nini? Na kazi ya saluni, umeomba ruhusa au umeacha? Ile habari ya pwani, ya waumini waliofungishwa hadi wakafa, tuliisikia pamoja kwa redio, ukalia mpaka chai ikapoa. Nao walianza kwa kupendwa.

Njoo Jumapili na wajina wangu, nichinje kuku. Mtu akikukataza kuja kwa mama yako, huyo si mchungaji, huyo ni mfugaji. Na ile pampu ya dawa ya kifua isikae mbali na mtoto.

Mama yako

Kimbo
2 Machi 2025

Mami,

Jumapili ile hatukuja, na zingine pia hatutakuja. Baba Simeon anasema jamaa wa damu ndio kamba ya mwisho kukatwa. Anasema pia kwamba anayeuliza habari za ugonjwa anaukaribisha mlangoni, kwa hivyo siulizi mguu wako, na wewe usiulize kifua cha mtu. Pampu tulizitoa zikachomwa. Ngina anakohoa asubuhi tu, kukiwa na baridi.

Saluni niliacha. Barua zetu sasa Dada Dianah anazisoma kwanza, na ni sawa, hatuna siri.

Mimi nimeshapewa jina jipya, Subira; Pasaka watoto watapewa yao, haya ya ukoo yafutwe. Ngina ataitwa Tulizo. Baada ya hapo watoto nao wataanza kufunga kama wakubwa, bila chakula wala maji, hadi Baba aseme imetosha.

Mjakazi Subira

Makongeni
24 Machi 2025

Kwa binti yangu, na kwa Dada Dianah anayesoma,

Amani kwenu. Nilikuja hadi getini, nikaambiwa mko kwa maombi. Nikasikia mtoto akikohoa ndani, nikarudi zangu. Sina vita na mtu wa Mungu, mimi ni mzee.

Neno langu ni moja. Nasikia Baba Simeon ni mtu wa Murang'a, basi mila anazijua. Jina la mtu aliye hai halifutwi hivi hivi. Hurudishwa kwa mwenyewe, nyumbani kwake, mtoto akiwa amesimama mbele yake. Lisiporudishwa linabaki na kirumi, laana ya mzazi, na laana hiyo humpata kwanza yule aliyelifuta. Nileteeni mtoto nilipokee jina langu, kisha mwiteni mnavyotaka.

Siulizi afya ya mtu.

Mama yako,
Ngina mkubwa

Kimbo
9 Aprili 2025

Mami,

Baba Simeon alisoma barua yako, akairudia mara mbili. Akaniuliza kama kweli ndivyo mila ilivyo. Nikamwambia ndivyo.

Dada Dianah atamleta mtoto Jumamosi na kumrudisha jioni. Mimi siruhusiwi kutoka. Asubuhi kuna baridi, nitamvisha vizuri.

Subira

Makongeni
13 Aprili 2025

Kui,

Nimemwambia Kaleli aiweke barua hii mkononi mwako, si mwa mwingine.

Hakuna mila kama hiyo. Niliitunga nikimenya viazi. Wajina ni wajina hadi kaburini, na wewe unalijua hilo tangu utoto. Yeye anakataza watu mila, kumbe bado zinamtetemesha. Na wewe ulijua, ukamwambia ndivyo!

Nilimkalisha Dianah sebuleni na chai, nikasema lazima nimwoshe mtoto miguu jikoni kwanza. Nilipomvua sweta nikakuta magauni mawili, moja juu ya jingine, na sketi ya shule chini yake. Mama anayemngoja mtoto jioni hamvishi nguo zake zote. Nililia hapo hapo, Kui. Midomo ya mtoto ilikuwa imebadilika rangi. Odhiambo, jirani yangu, alikuwa mlango wa nyuma na pikipiki imewashwa, tukaondoka Dianah akiwa bado na chai yake.

Yuko hospitali, yuko hai. Zaidi ya hapo sikuandikii. Unataka kujua? Uliza. Lile swali walilokukataza, liulize kwa mdomo wako au kwa mkono wako, nami nitajibu.

Mama yako

Mlangoni pako
16 Aprili 2025

Mami,

Nimemtuma Kaleli atangulie na karatasi hii kwa sababu naogopa kukutazama. Nimetoka alfajiri nyuma ya mikebe yake ya maziwa. Watoto wa Mbula, muumini mwenzangu, bado wako ndani, na Pasaka ni Jumapili. Nipeleke polisi leo hii, nitawaambia kila kitu.

Lakini kwanza. Hujambo, Mami? Mguu umeamkaje? Kifua cha Ngina kikoje? Anapumua usiku? Anakula? Ameniulizia?

Nimeuliza yote, na ugonjwa haujaja mlangoni. Nimekuja mimi.

Binti yako,
Kui